Mama Mpira na Tundu la Mpishi

Kila daktari mpya aliyeingia katika chumba kile alianza kwa kumwonyesha Mama Mpira jinsi ya kushika mpira. Mama Mpira aliwasikiliza wote kwa adabu, akitikisa kichwa kama mwanafunzi, ingawa alikuwa akiushika mpira huo tangu baadhi yao walipokuwa bado wanafungwa kamba za viatu na mama zao.

Mpira wenyewe ni bomba jeusi, jembamba kama kidole kidogo, refu kuliko mtu mzima, lenye taa na kamera kwenye ncha. Mgonjwa anaumeza, na daktari anatazama tumbo la mwenzake kwenye skrini ukutani. Ukitoka huko ulikoingia unakuwa mchafu kuliko unavyotaka kujua, na hapo ndipo madaktari walipovua glavu na kwenda kunywa chai. Aliyebaki na uchafu ni Mama Mpira.

Kuosha mpira kuna utaratibu wake, na katika jengo zima aliyeuheshimu ni yeye peke yake. Kabla ya sabuni, kabla ya brashi na dawa, mpira unajazwa hewa, unazamishwa ndani ya sinki la maji safi, halafu mtu anatulia na kutazama. Ukiwa na tundu, hata la ncha ya sindano, viputo vitapanda. Fundi baiskeli hufanya hivyo hivyo na tyubu, tena hana shahada. Siri yote ni kutulia, na kutulia ndiko kulikowashinda wasomi. Wao walichungulia mara moja wakasema uko sawa. Mama Mpira alisimama pale dakika tano, mikono imeloa hadi viwiko, akiukunja na kuukunjua. Mara mbili katika miaka ishirini na miwili aliona tundu ambalo fundi mitambo wa hospitali alikwisha kutia sahihi kwamba halipo.

Alianza na ndoo na fagio. Baadaye mtu wa kuosha mipira aliacha kazi, wakamtafuta aliyekuwa karibu, na aliyekuwa karibu alikuwa anapiga deki. Akajifunza kwa kutazama. Miaka sita baadaye walimpeleka kwenye mafunzo ya wiki tatu, akarudi na cheti, na mume wake akakitundika sebuleni juu ya televisheni ili kila mgeni akione atake asitake. Tangu hapo alikuwa msaidizi kamili: anampokea mgonjwa, anamlaza ubavu, anamshikia daktari vifaa, anaosha.

Nyumbani alikuwa na mdomo. Mume wake, dereva wa malori aliyestaafu, hakuhitaji redio. Akiwa mezani na sahani yake, mkewe alimchezea madaktari mmoja baada ya mwingine: yule anayenong'ona na mashine, yule anayefunga macho mgonjwa akicheua, yule anayeuliza "tumefika wapi?" kana kwamba kuna abiria wanaotaka kushuka. Mzee alicheka mpaka akapaliwa. Lakini kazini mama huyo huyo alikuwa bubu. Kuna mwaka alimwambia daktari mmoja, mbele ya wanafunzi wake, kwamba mpira aliokuwa ameushika unavuja na haufai kuingia kwa mtu. Kweli ulikuwa unavuja. Kesho yake Mama Mpira alihamishiwa kufua mashuka, akafua miezi minane. Mdomo uliponza kichwa, akasema, na akaufunga.

Ndipo alipokuja Profesa.

Huyu hakuwa profesa wa kitu chochote. Alikuwa daktari wa kawaida, kijana wa miaka thelathini na kitu, aliyepelekwa ng'ambo kozi ya wiki sita. Akarudi na mwendo mpya. Kila sentensi yake ilianza na "kule nilikokuwa": kule nilikokuwa taa haziwi hivi, kule nilikokuwa wagonjwa hawaulizi ovyo. Wafagizi ndio waliombatiza Profesa, kwa kejeli, nayo kejeli ilipomfikia akadhani ni sifa. Akaanza kuitika.

Kule alikokuwa, alijifunza kuziba matundu ya tumbo bila kisu. Na hapa, kusema haki, jambo lenyewe ni zuri, na halina kosa kwa sababu tu limeangukia mikononi mwa mtu wa majivuno. Klipu ya chuma yenye meno inavishwa kwenye ncha ya mpira. Mpira unapitishwa mdomoni hadi tumboni, daktari anaivuta nyama ya ukingo wa tundu iingie katikati ya meno, kisha anasema "achia". Hapo msaidizi anazungusha kigurudumu kilicho kwenye shingo ya mpira, na klipu inaruka na kung'ata kama mtego wa panya. Tundu linafumbwa, mwili unamalizia wenyewe. Ila klipu ikishang'ata imeng'ata, haina samahani nimekosea.

Mgonjwa wa kwanza kutafutiwa klipu alikuwa Mpishi. Mwanamke wa miaka hamsini, mpana wa mabega, aliyekuwa akipikia wanafunzi mia nne wa shule ya bweni na kuwajua kwa sura wote wanaoficha mkate mfukoni. Vidonda vya tumbo vilimpasukia akiwa kazini. Wakamfungua, wakashona, lakini mshono wa tumbo haukushika, na kutoka tumboni hadi kwenye ngozi, chini ya mbavu za kushoto, ikajichimba njia. Madaktari huita fistula. Watu wengi wakisikia neno hilo hufikiria ile ya uzazi, na Mpishi alikwisha kuchoka kuwaeleza wageni kwamba yake ilikuwa ya tumbo la chakula. Akinywa maji, yanatoka ubavuni. Akinywa uji, unatoka ubavuni na tindikali yake, unachoma ngozi kama pilipili kwenye kidonda. Mifuko waliyombandika ilibanduka kila saa. Ikabidi asile kabisa kwa mdomo. Akawekewa kimpira cha puani kilicholipita tumbo na kumwaga chakula cha majimaji huko mbele kwenye utumbo.

"Mimi nimelisha watoto wa watu miaka kumi na tisa," alimwambia Mama Mpira siku ya kwanza, "sasa nalishwa kwa pua kama ng'ombe mgonjwa."

Mbali na klipu, kilichobaki kilikuwa kisu, na mwenye kisu, daktari mzee wa upasuaji, hakuwa mtu wa kupaka maneno mafuta. Alisema tumbo lile lilikuwa limeshikamana ndani kama ugali ulioganda kwenye sufuria. "Nikilifungua tena, siahidi kama nitalifunga mgonjwa akiwa hai." Mpishi alilisikia kwa masikio yake, na tangu siku hiyo kila alipoona kitanda cha magurudumu kikipita mlangoni aliuliza kinakwenda wapi.

Basi siku ya klipu ikafika, na Profesa akaigeuza harusi. Alimwalika mkurugenzi wa hospitali, akamwalika mpiga picha, akawaalika watu wa ofisini ambao walivaa makoti ya wagonjwa mbele nyuma. Chumba cha watu watano kikajaa watu kumi na wanne. Mpishi alilazwa usingizi, mpira ukaingia, na Profesa akaanza kuhutubia huku amewageuzia wageni uso na skrini ameipa sikio.

Kando ya mshono wa zamani palionekana kishimo.

"Hili hapa!" akasema, na mpiga picha akapiga.

Mama Mpira, aliyekuwa ameshika shingo ya mpira, alikitazama kile kishimo. Kilikuwa na sakafu. Kilikuwa kovu lililobonyea, basi. Na wakati huo huo, kwa kuwa hewa ilikuwa ikiingia tumboni na ikitafuta pa kutokea, juu kidogo, upana wa kidole kimoja, nyuma ya mkunjo wa nyama, kwenye kidimbwi cha ute, vilichomoza viputo vitatu. Kimoja, kikapasuka. Viwili vikafuata. Wengine wangedhani ni mng'ao wa taa. Yeye alikuwa ametazama viputo nusu ya umri wake.

"Daktari," akasema.

"Mama, hapa si kwenye sinki," akajibu Profesa bila kugeuka. Wageni wakacheka, wale waliovaa makoti mbele nyuma ndio waliocheka zaidi. "Achia."

Mkono wa Mama Mpira ukazungusha.

Klipu ikang'ata nyama nzima isiyo na kosa lolote. Watu wakapiga makofi. Mkurugenzi akasema neno kuhusu historia.

Siku tano zilizofuata ubavu wa Mpishi ulikuwa mkavu, na Profesa alitembea wodini akionyesha kitambaa cha kidonda kama mtu anayeonyesha picha ya mtoto wake. Haukuvuja kwa sababu ndani hamkuwa na kitu cha kuvuja. Hata mtungi uliopasuka ukiwa mtupu hauloweshi sakafu. Mtoto wa darasa la pili angeliona hilo, lakini mtoto wa darasa la pili hakuwa amekwenda kozi. Picha ikabandikwa kwenye ubao wa matangazo karibu na geti: Profesa mbele, wageni nyuma, na pembeni kabisa kiwiko cha Mama Mpira.

Siku ya sita wakampa Mpishi kikombe cha chai. Alikinywa kwa macho yaliyofumbwa, maana hakuwa amekunywa kitu kwa miezi miwili. Kabla hajakirudisha kikombe mezani, chai ikawa imeshafika kwenye shuka.

Mtu mwenye haya angejiuliza amekosea wapi. Profesa alimuuliza mgonjwa.

"Umekula nini?"

"Chai mliyonipa, daktari."

"Kabla ya chai?"

"Sijala."

"Mpishi, halafu usionje? Niambie ukweli. Kule nilikokuwa klipu hizi hazifunguki zenyewe."

Mpishi alikuwa mtu wa dini na mtu wa ukweli, balaa mbili kwa pamoja mbele ya mtu kama yule. Akakumbuka. Siku ya tatu, mdogo wake alipokuja kumwona, midomo ilikuwa imempasuka kwa ukavu, na mdogo wake akampaka asali kwa kijiko. Akalamba kijiko.

"Kijiko kimoja tu, daktari," akasema, na machozi yakamtoka.

"Unaona?" Profesa aliwageukia wauguzi na Mama Mpira aliyekuwa ameleta vifaa, uso umemnawiri. Kwenye faili akaandika kwamba mgonjwa alikaidi masharti, tiba ikaharibika, sasa apelekwe kwa upasuaji. Tarehe ikapangwa, wiki mbili mbele. Kijiko cha asali ndicho kilichofungua chuma chenye meno. Na hakuna aliyecheka.

Mama Mpira alicheka nyumbani. Jioni ile alimwigiza Profesa kuanzia mwendo hadi nyusi, akaigiza wageni na makoti yao, akafika kwenye "Mpishi, halafu usionje?" na mzee wake akafuta machozi kwa kitambaa cha meza. Akamwambia na habari ya viputo vitatu, kama kilele cha mchezo, kuonyesha upofu wa yule bwana.

Mzee akaacha kucheka.

"Kwa hiyo wewe uliliona tundu?"

"Kama ninavyokuona wewe."

"Na ukafanya nini?"

"Nilimwita. Akanijibu upuuzi. Nifanye nini, mimi nani? Mimi muosha mipira."

Mzee alichokoa meno kwa muda. "Mama watoto, mimi nimeendesha lori miaka thelathini. Msaidizi wangu akiona tairi linachomoka, halafu anyamaze kwa sababu leseni ni yangu, bonde halitatuuliza nani mwenye leseni."

"Hospitali si lori."

"Ndiyo. Huko dereva na msaidizi wake wanapona, anayeingia bondeni ni abiria."

Mama Mpira akakusanya vyombo kwa kelele, na kwa siku tisa hakumchezea mzee daktari yeyote. Alijiambia mambo mengi. Alijiambia kwamba mzee wa upasuaji ataliona tundu mwenyewe akifungua. Alijiambia kwamba mashuka ya kufua yalimwachia maumivu ya mgongo hadi leo. Alijiambia, na hili lilimtuliza zaidi ya yote, kwamba mpumbavu ni Profesa.

Siku ya kumi na sita tangu klipu alipeleka vifaa wodini, akamkuta Profesa anapita kitanda kwa kitanda. Mpishi alikuwa amekonda mashavu yamekuwa mabonde. Alimshika Profesa mkono kwa mikono yake miwili mikubwa.

"Nisamehe, daktari. Nimekuharibia kazi yako. Ulinitendea wema mbele ya watu na mimi nikaleta tamaa."

Profesa aliuachia mkono ule ushikwe. Hakuona aibu hata chembe. "Mimi nimekusamehe, mama," akasema. "Sema tumbo ndilo halisamehe."

Hasira iliyompanda Mama Mpira haikumpa nafasi ya kukumbuka mashuka. Alitoka pale moja kwa moja hadi ofisi ya daktari mzee wa upasuaji, akamkuta anakula ndizi juu ya faili, akamwambia yote akiwa amesimama: kishimo chenye sakafu, viputo vitatu, upana wa kidole kimoja juu, nyuma ya mkunjo. Akamwambia klipu haikufunguka, imeng'ata mahali pasipohusika. Akaomba kitu kimoja: kabla ya kisu, mpira uingie tena, na yeye asukume dawa ya bluu kwa sindano kupitia tundu la nje, kwenye ngozi. Bluu itakapochomoza ndani, ndipo penyewe.

Mzee alimaliza ndizi. "Nani mwingine anajua?"

"Mume wangu."

"Kesho saa tatu," akasema mzee, na kwa kweli uso wake ulikuwa wa mtu aliyeondolewa mzigo, kwa sababu kulifungua tumbo lile hakukumpa usingizi.

Kesho yake hapakuwa na wageni wala kamera. Profesa alikuja amenuna, akasema mbele ya mzee kwamba kule alikokuwa wasafishaji hawapangi tiba. Mzee akamwambia aingize mpira. Ukaingia. Klipu ikaonekana inang'aa, imeshikilia nyama yake kwa uaminifu wote, haikulegea hata jino moja. Mama Mpira akaweka ncha ya sindano kwenye tundu la ubavuni, akasukuma polepole.

Kwanza hapakuwa na kitu. Halafu juu ya klipu, upana wa kidole kimoja, nyuma ya mkunjo, bluu ikachuruzika kama wino wa kalamu iliyopasuka mfukoni.

Mzee wa upasuaji alikunja mikono akamtazama Profesa, akimpa nafasi ya kuwa mtu mzima. Profesa akakohoa.

"Kama nilivyoshuku," akasema. "Tundu la pili. Jipya."

Debe tupu haliishi kuvuma. Lakini safari hii alishika mpira na macho yake yakabaki kwenye skrini, maana mzee alikuwa nyuma ya shingo yake. Wakaikwangua njia ile kwa brashi ndogo ili nyama mbichi ikutane na nyama mbichi, wakavuta kingo, na Mama Mpira akangoja mpaka akaona tundu lote limeingia katikati ya meno. Ndipo akazungusha. Wakasukuma bluu tena: kavu. Wakajaza hewa na maji, wakatulia kama kwenye sinki: hakuna kiputo. Upasuaji ukafutwa. Mchana Profesa alikuwa tayari anasimulia kwenye korido jinsi alivyogundua fistula pacha, na haikupita wiki ubaoni kukawa na picha nyingine. Kiwiko safari hii hakikuwemo.

Baada ya siku sita za tahadhari, Mpishi alipewa chai. Ikakaa. Akapewa maziwa, yakakaa. Siku hiyo hiyo saa sita mchana akaletewa bakuli la uji, na Mama Mpira, aliyejua saa ile, akaja kusimama karibu na kitanda. Tuseme ukweli: alikuja kushukuriwa. Alikuwa ameingojea siku hiyo kama mshahara, na hakuna anayeweza kusema hakustahili kitu.

Mpishi alikuwa anakula taratibu, akikitazama kila kijiko kabla ya kukipeleka mdomoni. Akamwona, akatabasamu.

"Dada yangu, mzee wa upasuaji amenieleza. Amesema ni wewe. Mungu akupe maisha." Akameza. "Kwa hiyo kile kijiko changu cha asali hakikufungua kitu?"

"Hakikufungua kitu. Klipu ya kwanza haikuwahi kuliziba. Waliiweka pembeni."

"Na tundu lenyewe lilikuwa pale pale siku zote?"

"Siku zote."

Mtu aliyepikia watoto mia nne anajua kuuliza aliyemwaga maziwa ni nani, na anajua kungoja jibu.

"Wewe ulilijua lini?"

Mama Mpira angeweza kusema juzi. Angeweza kusema alishuku baadaye, akiwa anaosha, na nani angempinga? Profesa? Lakini macho yale yalikuwa yamemtazama hivyo hivyo Profesa alipouliza umekula nini, na yakasema kweli.

"Siku ile ya kwanza," akasema. "Niliona viputo kabla ya kuachia klipu. Nilimwita, akanikatisha. Nikaachia."

Kijiko cha Mpishi kilibaki ndani ya bakuli.

"Wiki mbili na siku tatu," akasema taratibu, "nimelala hapa namwomba Mungu toba kwa ajili ya kijiko cha asali. Nimemfukuza mdogo wangu, nikamwambia ameniua kwa asali yake, asije tena. Na hajaja. Wewe ulikuwa unapita hapo mlangoni na vifaa vyako, unanisalimia, unaniuliza nimeamkaje."

"Niliogopa, dada."

"Yule daktari wako hakujua. Mjinga hajui, ndiyo maana anaitwa mjinga." Hakupandisha sauti. "Wewe je, tukuiteje?"

Mama Mpira, aliyekuwa na jina la kumpa kila mtu katika jengo lile, hakupata la kujipa. Mpishi akaendelea kula. Alikula hadi mwisho, bila haraka, akakomba kingo za bakuli, akafuta mdomo kwa kiganja. Halafu, bila kumtazama, akamnyooshea bakuli.

"Kanioshee," akasema. "Kuosha unajua."

Mama Mpira akalipokea kwa mikono miwili, akatoka nalo.